Kabati la redio na paka mtundu: Tulinde urithi bila kudhulumu

Katika nyumba nyingi za Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, kabati la redio bado lina heshima yake sebuleni. Lilitengenezwa na seremala wa mtaani kwa mbao za mninga, kwa kipimo cha redio na spika za mwenye nyumba, likapakwa vanishi na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Kabla televisheni haijaingia Tanzania Bara mwaka 1994, mbele ya kabati hilo ndipo familia ilipoketi kusikiliza taarifa ya habari na tangazo la kuandama kwa mwezi. Leo husikika humo mawaidha ya Radio Imaan, inayorusha matangazo kutoka mji huu huu. Aliyeliagiza huenda ametangulia mbele ya haki, kabati limebaki.

Mninga haukuchaguliwa bure. Mbao zake hazisinyai wala kupinda sana, na mchwa hawazishambulii kwa urahisi. Adui aliyebaki ni yule tunayemlisha wenyewe: paka. Hukwaruza miguu ya kabati, huvuta kitambaa, hulala juu ya amplifaya, na pengine hukojoa nyuma ya spika. Hapo hasira hupanda, na baadhi yetu humtia kwenye kiroba na kwenda kumtupa mbali, watoto wakishuhudia.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Naye Swahaba Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Mkwewe aliposhangaa, alimweleza mafundisho ya Mtume kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mtoto anayemwona mzazi wake akimtupa kiumbe kwa ajili ya mkwaruzo wa ubao hujifunza kuwa mali ina thamani kuliko uhai.

Tukumbuke pia kwa nini paka aliletwa nyumbani. Panya hutafuna nyaya na kuharibu spika, na wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

Dawa ni kuielewa tabia yake. Paka hakwaruzi kwa ujeuri. Hunoa kucha, hunyoosha mwili na kuacha harufu ya nyayo zake. Ndiyo maana hurudi palepale. Kumpiga humtia woga tu. Chukua mti imara wenye urefu wa karibu mita moja, uzungushie kamba ya katani, zao lisilo geni Morogoro, kisha usimamishe mahali anapokwaruza. Akishauzoea, usogeze kidogo kidogo mbali na kabati.

Juu ya amplifaya hufuata joto. Mtandikie gunia safi mahali penye jua. Nyuma ya kabati, fundi aweke wavu wa chuma badala ya ubao, ili hewa ipite lakini paka asipite. Amplifaya iliyozibwa hewa huweza kuungua.

Mkojo wake, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni najisi. Paoshwe kwa maji mara moja, mswala usiachwe sakafuni, na msahafu uhifadhiwe kwenye rafu ya juu yenye mlango.

Mikwaruzo nayo hutibika. Changanya unga wa mbao za mninga na gundi ya mbao, jaza palipochimbika, acha pakauke, kisha piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao na upake vanishi upya. Kazi ya msasa apewe mtoto, chini ya uangalizi wa mkubwa. Atajua jasho lililomtoka babu yake kulipata kabati hilo, na jioni yeye ndiye ampelekee paka chakula chake.