Tyubu ya baisikeli

Tyubu ya baisikeli (pia: mpira wa ndani) ni mpira mwembamba wa mviringo unaokaa ndani ya tairi na kushika hewa. Tairi la nje huikinga dhidi ya mawe na miiba. Tairi la hewa lilianza kuenea baada ya John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, kupata hataza yake mwaka 1888.

Vijijini, kwa mfano Chinongwe na sehemu nyingine za wilaya za Ruangwa na Nachingwea (mkoa wa Lindi, Tanzania), baisikeli hubeba watu, maji na mazao kama korosho. Pancha mbali na fundi humlazimu mwenye mzigo kusukuma baisikeli kwa miguu. Kwa hiyo tyubu ya akiba ina faida, mradi iwe inayofaa.

Vipimo

Kipimo husomwa ubavuni mwa tairi. Baisikeli nyingi kubwa za mizigo zina tairi la inchi 28 x 1½, ambalo pia huandikwa 40-635: upana wa milimita 40, na kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa kwenye ringi. Lakini tairi la 37-622 nalo huitwa la inchi 28. Vilevile kuna matairi ya inchi 26 yenye kipenyo cha milimita 559 na mengine ya 590. Kwa sababu hiyo, kutaja inchi peke yake dukani hakutoshi.

Tyubu hunyumbulika, hivyo moja huweza kufaa matairi ya upana tofauti kidogo, kwa mfano 26 x 1.75 hadi 2.125. Tyubu ndogo mno hutanuka na kuwa nyembamba, ikatoboka upesi; kubwa mno hujikunja ndani ya tairi na kulika penye mkunjo.

Valvu

Kuna aina tatu kuu za valvu. Ya Dunlop hupatikana sana kwenye baisikeli za mizigo. Ya Schrader inafanana na ya gari na pikipiki. Ya Presta ni nyembamba na hutumika hasa kwenye baisikeli za mashindano. Valvu nene haipiti kwenye tundu dogo la ringi. Nyembamba ikiwekwa kwenye tundu kubwa huchezacheza, na tyubu huweza kuchanika shinani mwa valvu.

Kununua na kutunza

Kabla ya kulipa, mnunuzi hulinganisha maandishi ya boksi na ya tairi, kisha hujaza hewa kidogo kuona kama inavuja. Tyubu ya akiba hufungwa kwa kitambaa ili isisuguliwe na spana, na huwekwa mbali na jua na mafuta. Kabla ya kuifunga, ndani ya tairi hupapaswa kwa uangalifu: mwiba uliotoboa tyubu ya kwanza ukibaki humo, utatoboa na ya pili.