Pawa stearingi kwa Land Cruiser kuukuu: spea zilingane na injini

Land Cruiser FJ40 nyingi zilitoka kiwandani bila pawa stearingi, na anayezikatisha kona zikiwa na mzigo hulijua hilo mikononi. Wamiliki wanaotaka kuiongeza wanashauriwa wasianze kwa kununua pampu. Pampu huzungushwa na mkanda kutoka puli ya krankshafti, na puli ya zamani huenda haina njia ya ziada ya mkanda huo.

Injini ya F na ile ya 2F iliyoifuata mwaka wa 1975 zinafanana kwa macho, lakini si spea zote zinazoingiliana. Angalia aina kwenye bloku kabla ya kulipa. Pampu, braketi na puli zikitoka kwenye injini moja ya aina hiyo, fundi hupunguziwa kazi nyingi.

Puli zote ziwe kwenye mstari mmoja. Fundi apime kwa rula ndefu. Zikipishana, mkanda huruka na usukani huwa mzito ghafla. Mteremkoni, hilo ni hatari. Braketi ya kuungaunga vyuma nayo hupasuka kwa mtetemo. Mpira wa mafuta upite mbali na ekzosi, kwani yakivuja hapo yanaweza kushika moto.

Mkanda mpya hulegea, hivyo ukazwe tena baada ya siku chache.