Riwaya za Upelelezi: Ipi Usome, Ipi Uweke, Ipi Uitoe?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vitabu navyo ni mali. Likizo iliyopita nilijikuta na katoni nzima ya riwaya za upelelezi, na nikapewa siku tano tu za kuamua hatima yake. Nimeona niwaeleze nilivyofanya, huenda nanyi yakawafika.

Vitabu hivyo vilikuwa vya mjomba wangu. Kwa miaka mingi alilinda majengo usiku mjini Nairobi. Usiku ni mrefu, naye alizoea kununua riwaya kwa wale wachuuzi wanaotandaza vitabu kando ya njia, duka ambalo watu hulitania kwa jina la "Inama Bookshop" kwa kuwa ni lazima uiname ndipo uchague. Mwaka jana macho yake yalififia, akaacha kazi akarudi mashambani. Katoni ikabaki nasi hapa Kayole, katika chumba kimoja tunamoishi watu wanne.

Mama alivumilia hadi mvua ilipoanza na maji yakaingia chini ya kitanda. Akasema, "Kufikia Jumamosi hii katoni iwe imetoka. Mama wa karanga pale steji anatafuta karatasi." Moyo ulinipiga paa! Riwaya ifungie watu karanga?

Nikampigia mjomba simu. Akacheka, kisha akaniambia, "Vyenye nilimaliza nimeandika tarehe kwa ukurasa wa mwisho. Hivyo vingine macho yalinikataa. Wewe visome, halafu unipigie uniambie muuaji alikuwa nani."

Nilipohesabu, vitabu vilikuwa 17. Vyenye tarehe vilikuwa 6, na hivyo niliviweka kando. Vilibaki 11 visivyosomwa. Hapo nikafahamu kwamba nikikosea kuchagua, sitatupa karatasi tu. Nitatupa jibu ambalo mzee analingoja.

Kabla ya kuchagua, yafaa ujue unachagua nini. Riwaya ya upelelezi hujengwa juu ya swali. Wataalamu wengi husema aina hii ilianza na hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, kisha Arthur Conan Doyle wa Uingereza akamtoa Sherlock Holmes mwaka 1887. Katika Kiswahili, mzee wetu ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ukachapishwa kitabu mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hapigani. Yeye huuliza, husikiliza na kufikiri. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965.

Kuna na ndugu yake riwaya hiyo, nayo ni riwaya ya ujasusi. Huku utampata Willy Gamba wa Elvis Musiba, na utampata pia Joram Kiango wa Ben Mtobwa akikimbizana na hatari. Katika aina ya kwanza msomaji huuliza, "Ni nani?" Katika aina ya pili huuliza, "Atatokaje hapo?" Ukijua swali la kitabu, utajua namna ya kukipima.

Basi hatua zangu zilikuwa nne.

Kwanza, nilikagua kama kitabu kina mwisho. Kitabu cha mashairi kikikosa karatasi moja bado kinasomeka, lakini riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho ni kama wali bila chumvi, tena bila sahani! Ila usikague mwenyewe, utajiharibia uhondo. Nilimpa kazi hiyo dada yangu mdogo. Aligundua kimoja kimeliwa na mchwa hadi katikati na viwili havina kurasa za mwisho. Lakini yule mtoto naye! Alipofika kitabu cha nne akapaza sauti, "Ati kumbe ni daktari!" Nilitaka kulia. (Kitabu chenyewe sikitaji, nisije nikawaharibia nanyi.)

Pili, nilisoma kurasa 20 za kila kitabu katika vile 8 vilivyobaki. Nikifika ukurasa wa 20, nakifunga na kujiuliza: nina swali lolote kichwani? Usiangalie jalada. Jalada lenye bastola na damu halina ushahidi wowote. Vitabu vitatu havikuniachia swali, nikaviweka upande wa kutoa. Vitano vilinisumbua hata nikiwa natembea kwenda dukani. Hivyo ndivyo vya kusoma.

Tatu, nilijiuliza ni vipi vya kuweka. Hapa ndipo yule daktari aliponifundisha. Nilikisoma kile kitabu huku nikimjua muuaji, nikidhani nitachoka mapema. Wapi! Nilimwona mwandishi akimficha mtu wake mbele ya macho yangu. Aliweka neno hapa na kikombe cha chai pale, mambo ambayo ningeyapita bila kuyaona. Nikatunga sheria yangu: kitabu cha kuweka ni kile unachoweza kukirudia hata ukimjua muuaji. Ndiyo sababu Mzimu wa Watu wa Kale haukutoka nyumbani kwetu. Siri yake ukishaijua, bado mazungumzo ya Bwana Msa na Kiswahili chake cha Unguja vinakuvuta. Kati ya vile vitano niliweka viwili tu. Chumba chetu hakina nafasi ya zaidi ya hivyo.

Nne, kutoa si kutupa. Riwaya niliyomaliza mimi bado ni swali jipya kwa mwingine. Vile vitatu nilivyosoma na kutoviweka, na vile vitatu ambavyo havikunivutia, nilivigawa kwa wenzangu wa kidato cha tatu, kwa sharti moja: ukimaliza mpe mwingine, na usimtajie muuaji. Vile sita vya mjomba vyenye tarehe nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki nikavirudisha kwake, kwa maana vina mwandiko wake. Kilicholiwa na mchwa ndicho alichopata mama wa karanga.

Mtauliza, na vile viwili visivyo na mwisho? Kimoja nilikuwa nimekipeleka hadi mlangoni, kisha nikakutana na kipande cha tikiti ya basi katikati. Mjomba aliishia hapo. Nikaketi nikakisoma hadi pale karatasi zilipokatikia, nikampigia simu. "Mjomba, hiki hakina mwisho." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Wewe unamshuku nani?" Nikamwambia. Akasema, "Hapana, mimi namshuku yule mpwa." Tulibishana hadi salio likaisha. Jioni ya pili akapiga yeye, akiwa na ushahidi mpya.

Kwa hivyo wenzangu, nimeivunja hata sheria yangu ya kwanza. Kitabu kile kiko chini ya mto wangu pamoja na vile viwili, na Mama anajua. Jumamosi ilipofika alitazama pale katoni ilipokuwa, akatazama mto, akasema, "Vitatu tu. Kikiongezeka cha nne, ni karanga."

Ukiwa na riwaya nyumbani ambazo hazijasomwa, usizihukumu kwa vumbi. Hakikisha zina mwisho, sikiliza kama zina swali, weka utakazorudia, nyingine zipitishe mbele. Na kabla hujaamua, muulize aliyezinunua. Kuuliza si ujinga. Hata Bwana Msa huanza na kuuliza.