Mafuriko na Moto: Tusingoje Blanketi



Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, moto hushika nyasi na mianzi ya Mlima Elgon. Pengine ni mtu aliyechoma mabua shambani, pengine ni mrina asali. Mvua ikianza, mahali palipoungua hapana cha kuzuia maji. Yanateremka na udongo wetu hadi mto Nzoia, na wenzetu wa Budalangi huko chini ndio huhama nyumba zao.

Tusisahau pia Novemba 2019. Maporomoko ya ardhi kwa jirani zetu wa Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40. Madaraja yalisombwa, na waokoaji wakapata shida kufika.

Je, hii ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za zimamoto na kushughulikia maafa. Basi Bungoma na Trans Nzoia zina wajibu hata kabla ya msiba.

Na pesa je? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini hiyo ni ya jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Sasa mvua ya Aprili, nani hakuitarajia? Kusafisha mitaro, kupanda miti, gari la zimamoto na mafuta yake, hayo yote yaingie kwenye bajeti ya kila mwaka.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi huitwa kutoa maoni. Hapa tukubali kosa letu: tumekaa katika mikutano hiyo tukaomba barabara tu, mto hatukuutaja hata mara moja.

Tunaomba kila jumuiya ndogondogo iandike: maji hupita wapi, daraja gani ni bovu, moto huanzia wapi, ni wazee na wagonjwa gani hawawezi kukimbia. Nakala moja apewe chifu, nyingine mwakilishi wa wodi. Halafu twende mkutanoni tukaulize imefanyiwa nini.

Nuhu hakungoja mvua inyeshe ndipo atafute mbao.