Kanga Watatu Juu ya Kopo la Kalamu

Mezani pangu, katika ofisi isiyo mbali na Mnara wa Saa wa mjini Arusha, pana kopo ambalo zamani lilikuwa la maziwa ya unga na sasa ni makazi ya kalamu, rula na mkasi. Nalo limepakwa rangi ya manjano, na juu yake wakazungushwa kanga watatu weusi waliotonwa madoa meupe moja moja, hata mgeni aingiapo na makabrasha yake aghalabu huwatazama wale ndege kabla hajanitazama mimi.

Nakshi ya namna hii haikuzaliwa Arusha, wala haikukusudiwa vyombo vya karani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya hadibodi, akitumia rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli, kwa kuwa ilipatikana kwa bei nafuu na iling'aa. Akafariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake wakaishika kazi, nayo ikaenea hata ikafika katika vibanda vya vinyago vya Arusha, ambamo watalii warudio mbugani hununua twiga na tembo wa kutundika ukutani. Mimi huona jambo la haki pale rangi hiyo inapotua juu ya kopo, sanduku la majalada au mashine ya kutoboa karatasi, maana asili yake ilitengenezwa kwa ajili ya chuma, na sasa imerejea kwao ikiwa na elimu iliyoipata safarini.

Niliponunua kopo langu nilishikwa na tamaa ya kulipamba sanduku la bati la majalada kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipaka buluu nzito asubuhi, nikaongeza mkono wa pili adhuhuri, na jioni nikalifunika kwa nailoni lisipate vumbi. Ulikuwa mwezi wa Juni, Mlima Meru umejifunika wingu tangu alfajiri. Siku ya tatu nilipofunua, rangi ilikuwa imekunjamana kama utandu wa maziwa yaliyopoa, na chini yake mbichi. Kijana aliyenichorea kanga alilitazama kwa huruma, akasema, "Shikamoo mzee. Sasa umeifunika hivi, itapumua wapi?"

Neno lake ni sahihi hata kwa elimu ya kemia. Rangi ya mafuta hukauka mara mbili: kwanza tapentaini iliyomo hutoweka hewani, kisha mafuta yenyewe huvuta oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Ukipaka nene, uso hujifunga kabla ya tumbo, nayo hewa haipati njia ya kushuka. Na katika mji huu ulioinuka takriban mita 1,400 juu ya bahari, baridi ya Juni na Julai huchelewesha kazi hiyo zaidi, hata mkono mmoja mwembamba wastahili kuachwa siku mbili au tatu.

Kwa hiyo tulianza upya. Tuliikwangua rangi yote, tukalisugua bati kwa msasa, tukaliosha kwa sabuni, tukatanguliza rangi nyekundu ya kuzuia kutu kwenye kingo. (Stepla nayo yaweza kupambwa, ila springi yake isiguswe, na rula ya plastiki isiposuguliwa hubanduka magamba kwa wiki chache.) Kijana akachovya kichwa cha msumari katika rangi nyeupe, akakigusisha juu ya mgongo wa kanga aliyekwisha kumchora sandukuni na kukiinua wima, bila kuburura; doa la kwanza likawa kubwa, la pili dogo, la tatu dogo zaidi, kisha akachovya tena, na kwa hesabu hiyo ya kupungua mbawa zikaonekana zina mviringo ingawa bati ni bapa.

Sasa sanduku liko dirishani, kifuniko wazi, siku ya nane. Doa moja karibu na bawaba bado linanata kidoleni, na majalada yangu yamo katika boksi la karatasi chini ya meza, yanasubiri.