Gari Lililosimama Bomani: Tengeneza Hati Zake Mapema

Katika maboma mengi ya wakulima kuna gari lililosimama. Pengine ni pikapu iliyoharibika giaboksi wakati wa mavuno. Pengine ni lori ambalo spea zake zimekuwa ghali, au trekta la marehemu baba. Kuku hulala ndani yake na majani yameota mpaka milangoni. Mwenyewe husema, "Nitalitengeneza mahindi yakiuzwa." Mwaka hupita, kisha miaka mitano. Siku anapotaka kuliuza au kulirudisha barabarani, ndipo anapoona kwamba kutengeneza injini ni kazi rahisi kuliko kutengeneza hati.

Kama una gari la namna hiyo, soma maneno haya, kisha uyafanye.

LESENI YA KIOONI

Wazee wanakumbuka karatasi ya leseni iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kila mwaka mwenye gari alipanga foleni kuilipia. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2006, na ushuru wa barabara uliomo katika bei ya petroli na dizeli ukaongezwa badala yake. Tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa kila lita. Basi gari lisilotumia mafuta halilipi ushuru wa barabara.

Hiyo ni nafuu kwa mkulima, lakini ina hatari yake. Kwa kuwa hakuna tena karatasi ya kumkumbusha mtu kila mwaka, ni rahisi kusahau kwamba gari lingali limeandikwa kwa jina lake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yasema kwamba mtu aliyeandikwa katika daftari la magari huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Gari likilala miaka kumi chini ya mti, daftari halilali.

BARABARA NI WAPI?

Wengi hufikiri kwamba barabara ni ile ya lami tu. Sivyo. Kwa sheria, barabara ni pamoja na njia yoyote ipitikayo na magari ambayo watu wote wana ruhusa kuipita, hata mahali pa kuegesha magari sokoni. Kwa hiyo gari lililoachwa nje ya lango lako, au kando ya kiwanda cha maziwa, haliko nje ya barabara. Lingize ndani ya boma lako na ufunge lango.

Jambo hili lina maana kubwa kwa sababu ya bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, hukataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima ya kulinda watu wengine, ile tuiitayo thadi pati. Usikubali kijana alitoe gari bomani "kulipasha moto kidogo tu" mpaka dukani. Akimgonga mtoto wa jirani, hakuna kampuni itakayolipa, na shamba lako laweza kuuzwa kwa kulipa deni la mahakama.

Kabla ya kuacha bima iishe, zungumza na wakala wako. Mwulize kama waweza kubaki na kinga ya moto na wizi peke yake wakati gari limesimama. Gari bovu pia huibwa, tena vipande vipande.

PIKAPU NA LORI

Magari ya biashara yana mambo mawili zaidi. La kwanza ni ukaguzi wa kila mwaka. La pili ni kodi ya mapema. Kwa Sheria ya Fedha ya 2023, kodi hiyo kwa pikapu na malori ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya mzigo kwa mwaka, au shilingi 5,000, ile iliyo kubwa. Lori la tani 7, basi, ni shilingi 17,500. Trekta na trela zitumiwazo kwa kilimo hazimo katika kodi hii.

Kumbuka kwamba kodi hii si ya kupotea. Hupunguzwa katika kodi yako ya mapato unapotoa hesabu ya mwaka, kwa hiyo tunza risiti. Na kabla ya kulirudisha lori kazini, nenda ofisi ya kodi uulize hesabu yako ikoje, usije ukaijua siku ya ukaguzi huku mzigo unangoja.

UKIUZA, MALIZA

Hapa ndipo wakulima wengi huumia. Tuseme umemwuzia fundi pikapu mbovu. Amekulipa pesa taslimu, mmeandikiana karatasi, naye akaivuta akaenda zake. Hukubadilisha jina. Fundi aliitengeneza, akamwuzia mwingine, na huyo akamwuzia wa tatu. Siku moja inamgonga mtu na dereva anatoroka. Polisi watafuata jina lililo katika daftari, nalo ni lako. Utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba uliiuza, na huenda karatasi ile ya mkono imekwisha liwa na mchwa.

Sheria haimruhusu mnunuzi kulitumia gari barabarani zaidi ya siku 14 tangu kuuziwa kama hajaandikishwa kuwa mwenyewe. Siku hizi kubadilisha jina hufanywa kwa NTSA kwa njia ya eCitizen. Muuzaji huanza ombi katika akaunti yake, na mnunuzi hulikubali katika akaunti yake mwenyewe. Kama hujui kutumia kompyuta, nenda Huduma Centre ukiwa na kitambulisho, PIN ya kodi na kitabu cha gari. Usimpe broka neno lako la siri. Tena usiliache gari litoke bomani kabla ombi halijakubaliwa.

Na kama gari limekufa kabisa, ukataka kulipasua na kuuza chuma, toa habari kwa NTSA ili lifutwe katika daftari. Usiuze nambari za gari wala kitabu chake pamoja na vyuma. Mwizi aweza kuvitumia kuvalisha gari la wizi.

GARI LA MAREHEMU

Mwenye gari akifa, mjane au mtoto hawezi kuliuza tu kwa sababu funguo ziko mkononi mwake. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, na cheti cha kifo, kisha mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi sita. Baada ya hapo ndipo msimamizi awezapo kubadilisha jina.

Basi, mzee, kama umeamua gari lile liwe la binti yako, mwandikishe ukiwa hai. Kazi ya siku chache kwako yaweza kumwokoa na safari za mwaka mzima. Hakikisha pia kwamba watu wa nyumbani wanajua kitabu cha gari kiko wapi. Kama jina la benki au sacco lingali limo kwa ajili ya mkopo uliokwisha lipwa, waombe waliondoe sasa.

KULIRUDISHA BARABARANI

Fuata mambo haya kwa utaratibu:

1. Siku unaposimamisha gari, andika katika daftari lako nambari ya chesi na ya injini, na uzipake grisi. Mkaguzi hutazama kama zinalingana na kitabu. Kutu ikizila, utaonekana kama mwizi wa gari lako mwenyewe.

2. Kama ulibadilisha injini au rangi, toa habari ili kitabu kirekebishwe. Tunza risiti ya injini uliyonunua.

3. Hakikisha kwamba gari limo katika akaunti yako ya NTSA. Magari ya zamani mengine bado hayamo.

4. Tengeneza breki, taa na magurudumu. Gurudumu lililokaa miaka juani hupasuka hata kama linaonekana zima.

5. Nunua bima. Ile ya thadi pati yaweza kununuliwa ya mwezi mmoja, nayo yatosha kwa kuanza.

6. Peleka gari la biashara kwenye ukaguzi kabla ya kupakia mzigo wa kwanza.

Mkulima mwema hukagua ghala kabla ya mvua. Jioni ya leo, fungua sanduku la hati utazame kitabu cha lile gari. Soma jina lililoandikwa humo. Kama si la mtu anayelimiliki kweli leo, anza kazi kesho asubuhi.