Ubeti Uliokatwa

Wale mliotega sikio redioni Jumapili iliyopita usiku mtakumbuka kwamba nilizungumzia sikukuu ya Wamarekani ya tarehe 4 Julai, siku waliyotangaza uhuru wao mwaka 1776. Mwisho wa mazungumzo nikapiga wimbo uitwao This Land Is Your Land, uliotungwa na Woody Guthrie, na nikausifu kwamba ni wimbo wa kuipenda nchi, basi. Taarifa ya habari ilikuwa imekaribia. Nikampa ishara fundi mitambo, naye akaushusha sauti taratibu katikati, kama tulivyozoea.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, nami nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Wimbo ule umeukata kabla haujafika penyewe. Halafu maneno uliyousifia si ya wimbo ule. Kautafute wote, usikilize mpaka mwisho, ndipo uje utwambie."

Nakiri kwamba nilitahayari. Nina miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii na sikuwa nimewahi kuusikiliza wimbo ule hadi mwisho. Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba wimbo katika kipindi ni wa kuzibia nyufa. Ukiisha mwanya, wimbo nao umekwisha. Juma zima basi nimekuwa nikichimba habari za nyimbo za Wamarekani, zile za taifa na zile za wananchi wa kawaida, na nimegundua kwamba wakataji hatuko redioni peke yetu.

Tuanze na wimbo wao wa taifa, The Star-Spangled Banner. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Septemba 1814, manowari za Uingereza zilikuwa zikiipiga kwa mabomu ngome ya McHenry, iliyokuwa ikilinda bandari ya Baltimore. Mwanasheria mmoja wa umri wa miaka 35, Francis Scott Key, alikuwa majini karibu na manowari hizo. Alikuwa amekwenda kuomba daktari mmoja Mmarekani aliyekamatwa aachiliwe. Ombi lilikubaliwa, lakini wakazuiwa wasirudi nchi kavu mpaka mapigano yaishe. Kulipopambazuka akaona bendera ya kwao bado inapepea juu ya ngome, bendera kubwa yenye upana wa mita 9 na urefu wa mita 13 hivi, kazi ya mikono ya mshonaji Mary Pickersgill na wasaidizi wake. Key akaandika shairi.

Mahadhi aliyoliwekea yalitoka wapi? Yalitoka London, kwa wale wale waliokuwa wakirusha mabomu. Yalikuwa wimbo wa klabu ya waungwana waliokutana kula, kunywa na kusikiliza muziki, na mtunzi wake alikuwa Mwingereza, John Stafford Smith. Wimbo huo uliimbwa jeshini na mikutanoni kwa zaidi ya karne moja kabla ya Rais Herbert Hoover kutia sahihi sheria ya kuufanya wimbo wa taifa, tarehe 3 Machi 1931.

Shairi lina beti 4. Viwanjani huimbwa wa kwanza tu, na Wamarekani wengi hawajui kwamba upo wa tatu. Ubeti huo unawataja kwa maneno makali askari wa kukodiwa na watumwa waliokuwa upande wa adui. Katika vita ile Waingereza waliwaahidi uhuru watumwa watakaotoroka kwa mabwana zao na kuwafuata, na mamia yao wakavaa sare ya Uingereza. Wanahistoria wanabishana mpaka leo juu ya nini hasa Key alikuwa nacho moyoni. Lisilobishaniwa ni kwamba yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Ubeti ule ukaachwa pembeni kimya kimya, na nchi iliyojiita ya watu huru ikaendelea na ule wa kwanza.

Kuazima mahadhi kwenyewe si aibu. Mwaka 1831 mwanafunzi wa chuo cha uchungaji, Samuel Francis Smith, aliandika wimbo wa kuisifu Marekani akautia katika mahadhi yale yale ya wimbo wa mfalme wa Uingereza. Wazee wetu waliosoma Tanganyika ya kikoloni wanayajua mahadhi hayo, walisimamishwa mstarini wakayaimba. Kumbe wakati huo watoto wa Marekani nao walikuwa wakiyaimba kwa maneno ya kushangilia kuachana na mfalme huyo!

Upo pia wimbo wa John Brown, yule mzungu aliyeshika silaha ili kuwakomboa watumwa akanyongwa tarehe 2 Desemba 1859. Askari wa Massachusetts walichukua mahadhi ya wimbo wa mikutano ya injili wakamwimbia maneno ya kiaskari, mengine ya utani. Mwaka 1861 mwandishi Julia Ward Howe aliwasikia askari wakiuimba mjini Washington, akaamka kabla ya jua akaandika maneno mapya yenye heshima zaidi, Battle Hymn of the Republic, yakachapishwa Februari 1862. John Brown hakutajwa tena. Mwaka 1915 Ralph Chaplin akayachukua mahadhi hayo hayo kwa wimbo wa vyama vya wafanyakazi. Injili, kambi ya jeshi, jarida la wasomi, mgomo wa kiwandani: mahadhi ni yale yale.

Sasa nije kwenye wimbo nilioukata.

Mwaka 1918 Irving Berlin, aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kufika New York akiwa mtoto wa miaka mitano, alikuwa askari jeshini. Aliandika wimbo wa kuiombea Marekani baraka, God Bless America, kisha akauweka kabatini. Miaka 20 baadaye, Ulaya ikinukia vita tena, akautoa akaurekebisha, na Novemba 1938 Kate Smith akauimba redioni. Ukaenea kama moto wa nyikani. Kila ukifungua redio, ni huo.

Miongoni mwa waliousikia mpaka ukawachosha alikuwemo Woody Guthrie. Huyu alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Miaka ya thelathini ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi, na juu ya hayo ukame na dhoruba za vumbi zikazika mashamba ya nyanda za kati. Maelfu kwa maelfu wakafungasha vyombo juu ya magari mabovu wakaelekea California kutafuta vibarua vya kuchuma matunda. Guthrie alikwenda nao, akaona walivyopokewa, na huko Los Angeles akawa akiwaimbia katika kituo kimoja cha redio. Kwa hiyo alikuwa mtu wa redio, mwenzangu kikazi, ingawa sidhani kama angependa kazi yangu ya Jumapili iliyopita.

Mwanzoni mwa mwaka 1940 alisafiri kwenda New York, na njiani wimbo wa Berlin ulimfuata kila alipotua. Tarehe 23 Februari, katika hoteli ya bei nafuu mjini humo, akaandika jibu. Kiitikio chake cha awali kilikuwa kikicheza na maneno ya Berlin. Baadaye akakigeuza kisema kwamba nchi ni ya wote. Mahadhi yalifuata nyimbo za familia ya Carter, waimbaji mashuhuri wa milima ya Virginia.

Beti zinazofahamika zinasifu barabara ndefu, mabonde na mashamba ya ngano. Lakini katika karatasi ile kuna mbili zaidi. Katika mmoja mwimbaji anakuta kibao kinachotangaza kwamba mahali pale ni mali ya mtu, haparuhusiwi kupita. Anazunguka upande wa pili wa kibao, anakuta hapakuandikwa kitu, na upande huo ndio anaoupenda. Katika mwingine anawaona watu wa kwao wamejipanga foleni kwenye ofisi ya misaada, karibu na kanisa, wana njaa, naye anajiuliza kama kweli nchi hii ni yao. Hapo ndipo penyewe alipoposema yule mama. Toa beti hizo mbili, unabaki na sifa za mandhari. Ziache, wimbo mzima unageuka kuwa swali.

Guthrie aliurekodi mwaka 1944 pamoja na ubeti wa kibao, lakini rekodi hiyo ilikaa ghalani miaka mingi. Iliyotoka kwenye santuri mwaka 1951 haina beti hizo. Ule ulikuwa wakati wa kusakana wakomunisti Marekani, na wimbo ukaingia katika vitabu vya shule ukiwa umesafishwa. Kwa haki lazima niseme kwamba hata kijitabu alichokitoa Guthrie mwenyewe mwaka 1945 hakina beti hizo, kwa hiyo kisu cha kwanza huenda kilikuwa mkononi mwake. Baadaye alishikwa na ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, ule wa Huntington, ukamnyang'anya mikono na sauti. Mwanawe Arlo amesimulia kwamba baba yake alimfundisha zile beti zilizoachwa, kwa hofu kwamba zingesahaulika. Alifariki Oktoba 1967 akiwa na miaka 55.

Rafiki yake Pete Seeger naye ana dhambi yake katika jambo hili. Mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan, wakikusanya nyimbo kwa ajili ya maktaba ya Bunge la Marekani, walimkuta katika gereza la Angola, Louisiana, mfungwa mweusi Huddie Ledbetter, maarufu kwa jina la Lead Belly. Wimbo wake mmoja, Goodnight, Irene, ulirekodiwa mwaka 1950 na kundi la akina Seeger ukashika nafasi ya kwanza kwa majuma 13. Lakini walikuwa wameyaondoa maneno ya mtu aliyevunjwa moyo anayetaka kujiua kwa morfini. Lead Belly hakuuona utajiri huo, alikuwa amefariki Desemba 1949.

Seeger alilipa, naweza kusema hivyo. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakataa kueleza siasa zake, na kwa miaka mingi televisheni kubwa zikamfungia milango. Tarehe 18 Januari 2009, mzee wa miaka 89, alisimama kwenye ngazi za mnara wa Lincoln pamoja na Bruce Springsteen, siku mbili kabla ya Barack Obama kuapishwa, wakaimba This Land Is Your Land na beti zake zilizofichwa, kibao na foleni vyote. Rekodi hiyo ndiyo niliyoipiga mimi Jumapili, na ndiyo niliyoikata.

Wenyeji wa asili wa Marekani wana swali jingine tena: nchi ni ya wote kwa idhini ya nani? Mji wa Okemah wenyewe uko katika ardhi ya taifa la Muscogee, na Oklahoma ilikuwa eneo lililotengewa makabila yaliyofukuzwa kwao, mpaka ikafanywa jimbo mwaka 1907. Swali hilo halimo katika ubeti wowote wa Guthrie.

Jana nilimpigia yule mama kumweleza kwamba Jumapili hii tutaupiga wote, na taarifa ya habari itasubiri kidogo. Nikamuuliza alizijuaje beti hizo. Akaniambia alifundishwa sekondari na mwalimu mgeni kutoka Marekani, miaka ya sitini. Nikamuuliza kama naye alipokuwa mwalimu aliwafundisha wanafunzi wake.

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Niliwafundisha, ila ule wa kibao niliuruka. Mkuu wetu wa shule alikuwa na kibao kama hicho hicho kwenye miembe yake, na darasa langu lilikuwa linatazamana nacho."